Kabla Hujaongeza Chubwi: Kuvua Gatini Penye Mkondo Mkali

Simama kwenye gati lolote saa ambayo maji yanakimbia, utaona jambo lile lile. Mtu anarusha mshipi, chubwi (ule uzito wa kuuzamisha) linagusa chini, kisha mshipi unaanza kutambaa kuelekea upande. Muda si muda umeingia chini ya gati na kukumbatia nguzo. Anavuta, anakata, anafunga chubwi zito zaidi. Nalo linaburutwa. Anafunga jingine zito kuliko hilo. Mwishowe fimbo imepinda kwa uzito wa risasi tupu, samaki akidonoa hajulikani, na mvuvi anakunja vyombo vyake akiamini kwamba pale hapavuliki.

Panavulika, tena sana. Samaki wengi wa pwani hula maji yanapotembea kwa sababu mkondo ndio unaowaletea riziki: kamba, kaa wadogo, dagaa waliochoka kushindana na maji. Gati nalo, kwa nguzo zake, huuvunja mkondo ule na kuwapa samaki mahali pa kujibanza na kuvizia. Kwa hiyo saa ambazo wengi huondoka ndizo saa ninazopenda kuwa na ndoana chini. Na imani yangu, ambayo naishika kila ninapofunga vyombo, ni kwamba chubwi ndilo kitu cha mwisho kubadilishwa. Kwanza punguza kila kitu ambacho maji yanaweza kukishika: unene wa mshipi, ukubwa wa fundo, upana wa chambo. Ukishamaliza hapo, mara nyingi utakuta chubwi ulilokuwa nalo linatosha.

Nianze na mshipi, maana ndiko wengi wanakopoteza vita bila kujua. Msukumo wa maji hauongezeki sambamba na kasi yake, unaongezeka kwa mraba wa kasi hiyo. Mkondo ukienda kasi mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Ukienda mara tatu, unakuwa mara tisa. Ndiyo maana chubwi lililotulia vizuri muda mfupi uliopita linaanza kutembea ghafla, ilhali ukiyatazama maji kwa macho huoni tofauti kubwa. Msukumo huo pia unategemea unene wa mshipi na urefu uliozama. Chukua mita 30 za nailoni yenye unene wa milimita 0.50, uikatishe kwenye mkondo wa mita 1 kwa sekunde, yaani kama maili 2 za baharini kwa saa. Ukipiga hesabu, maji yanausukuma mshipi huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1. Weka mahali pake mshipi wa kusuka, yaani uliosukwa kwa nyuzi nyingi, wa milimita 0.20, na msukumo unashuka hadi gramu 400 hivi. Baharini mshipi hulegea na kuufuata mkondo, kwa hiyo nguvu halisi huwa pungufu, lakini uwiano kati ya mishipi hiyo miwili haubadiliki. Hakuna chubwi la kurushwa kwa fimbo litakaloishinda kilo ile kwa uzito wake peke yake.

Mshipi wa kusuka wa milimita 0.20 una nguvu inayolingana na nailoni iliyo nene karibu mara mbili yake, na mara nyingi huizidi. Zaidi ya hapo, haunyumbuki. Nailoni inaweza kurefuka kwa sehemu ya tano ya urefu wake, au zaidi, kabla haijakatika, na urefu huo wote humeza habari: samaki anagonga chini, wewe juu hupati kitu. Kwenye maji yanayokimbia, ambako ncha ya fimbo inatikisika muda wote, mimi siwezi kukubali kuipoteza habari hiyo.

Mshipi wa kusuka una udhaifu wake, na gatini udhaifu huo unaumiza. Nyuzi zake ni nyembamba mno. Zikisuguliwa kwenye nguzo iliyoota kome na magamba makali zinakatika kana kwamba hazikuwa na nguvu yoyote. Isitoshe, ni mwepesi kuliko maji, kwa hiyo unapenda kuelea, tofauti na nailoni inayozama polepole na florokaboni, aina ya mshipi wa plastiki nzito zaidi, inayozama upesi. Dawa ya yote mawili ni kipande cha mbele cha nailoni nene au florokaboni, mita 6 hadi 10, unene wa milimita 0.60 hadi 0.80. Kipande hicho ndicho kinachobeba kishindo cha kurusha na ndicho kinachogusana na nguzo wakati samaki anakuja juu. Kanuni ya warushaji wa masafa marefu ni kwamba kwa kila gramu 30 hivi za chubwi, kipande cha mbele kiwe na nguvu ya kilo 5. Ukirusha gramu 150, tafuta chenye kuhimili kilo 25. Usiidharau kanuni hii unapokuwa na watu pembeni yako, maana chubwi lililokatika hewani linaweza kumuua mtu.

Fundo linalounganisha mishipi miwili nalo lina neno. Fundo kubwa linakusanya mwani. Mkondo mkali unabeba mwani uliong'oka, unateremka nao kwenye mshipi mpaka kwenye fundo, na pale unajilundika. Shada dogo tu la mwani linashika maji kuliko mshipi wote uliobaki. Ndiyo maana napendelea fundo la FG, ambalo mshipi wa kusuka unauzunguka ule mnene bila ule mnene kukunjwa. Linachukua muda kulifunga na mikono lazima iwe imetulia, basi nalifunga nyumbani, si gatini kwenye upepo.

Sasa chubwi lenyewe. Risasi inapendwa kwa sababu ni nzito kwa umbo dogo: kila sentimita moja ya ujazo ina zaidi ya gramu 11. Ikizama kwenye maji ya chumvi inapoteza takriban asilimia 9 tu ya uzito wake. Chuma kinapoteza asilimia 13. Jiwe la kawaida linapoteza karibu asilimia 40, na juu ya hapo ni kubwa, kwa hiyo maji yanapata pa kulisukumia. Risasi ni sumu vilevile. Usiikaze kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula. Uingereza mwaka 1987 ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi madogo ya risasi, yasiyozidi gramu 28.35, kwa sababu bata-maji walikuwa wakiyameza na kufa.

Umbo linazidi uzito kwa umuhimu. Chubwi la mviringo ni zuri ukitaka chambo kitambae chini na kupekua eneo. Kwenye mkondo mkali linabingirika mpaka kwenye nguzo. La piramidi linachimba kwenye mchanga laini, na likishachomoka halirudi kwa urahisi. Lililo bapa linalala na kuyaacha maji yapite juu yake. Lakini nikiambiwa nichague moja tu kwa chini ya mchanga au tope, nitachagua lenye miguu ya waya. Lina waya nne zinazochomoza kama kucha, nazo zinazama mchangani. Ukivuta kwa nguvu waya zinafyatuka na kurudi nyuma, chubwi linatoka bila kung'ang'ania. La gramu 150 lenye miguu linakaa mahali ambapo zito kuliko hilo kwa mbali, lisilo na miguu, lingeburutwa.

Namna ya kulitumia ndiyo inayowachanganya wengi. Likigusa chini usikaze mshipi papo hapo, kwa sababu ukikaza unalivuta kwa juu na kucha hazizami. Achia mita kadhaa za mshipi, acha mkondo uuchukue na kuupinda. Pindo hilo sasa linalivuta chubwi kwa upande, sambamba na sakafu ya bahari, na kucha zinachimba. Subiri kidogo, kisha kusanya mshipi taratibu mpaka ncha ya fimbo iiname na kutulia. Ikiwa inainama na kuachia, inainama na kuachia, chubwi linatembea bado. Achia mshipi zaidi. Ikikaa imeinama bila kuhangaika, umeshika.

Na hapo, kama umerusha kuelekea mkondo unakotoka, samaki anajitambulisha kwa njia usiyoitazamia. Badala ya fimbo kuvutwa chini, inanyooka. Samaki amechukua chambo, amelichomoa chubwi mchangani, na mkondo unawaleta wote wawili upande wako. Mshipi unalegea ghafla. Ukiona hivyo usisubiri kuvutwa. Zungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, haraka mpaka uuhisi uzito. Mvuvi asiyejua hili anatazama mshipi uliolegea na kusema chubwi limehama, kumbe samaki ameshaonja, ameshashtuka, na ameshatema.

Wavuvi wa pwani ya Essex, Uingereza, waliendeleza mtindo huu mashuani katika miaka ya 1970: walirusha mbali kuelekea mkondo unakotoka, wakatumia machubwi yenye miguu, na kuuacha mshipi upinde. Gatini mtindo huo unafaa zaidi ukiwa kwenye ncha ya mwisho, mahali ambapo mshipi ukipinda hakuna nguzo ya kuupokea. Ukiwa katikati ya gati, simama upande ambao maji yanatokea baada ya kupita chini ya gati, si upande yanakoingilia. Kwa njia hiyo mkondo unauchukua mshipi kuupeleka mbali na nguzo. Maji yakigeuka, nawe geuka uhamie upande wa pili. Naona watu wakikaa upande mmoja kutwa nzima kwa sababu ndipo walipoweka vitu vyao, na nusu ya kutwa hiyo wanawalisha kaa wa kwenye nguzo.

Chini ikiwa ni mawe, miguu ya waya haifai, itanasa. Tumia chubwi la kawaida, refu na lililo laini, na ulifunge kwa kipande cha mshipi dhaifu kuliko mingine yote. Likinasa, kinakatika hicho, unapoteza chubwi lakini samaki na ndoana vinapanda.

Kabla ya kuamua uzito wowote, ujue uko saa ngapi ya maji. Kuna hesabu ya kale ya mabaharia inayogawa kujaa au kupwa mara 12: saa ya kwanza inapita sehemu 1, ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti kati ya maji kujaa na kupwa ni mita 3.6, saa ya kwanza yanapanda sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne yanapanda sentimita 90 kila moja. Nusu ya maji yote yanapita katika saa hizo mbili. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja au mbili baadaye, kila kitu kinazidi. Siku za maji mafu mkondo unapungua sana. Kwa hiyo hakuna uzito mmoja wa gati. Kuna uzito wa saa ya kwanza na uzito wa saa ya tatu, na mvuvi anayebadilisha katikati anavua muda mrefu kuliko anayeanza na zito tangu mwanzo. Hesabu hii ni ya kukadiria, wala si kila mahali maji husimama saa ile ile yanapofika kilele. Kwenye mlango wa ghuba au kati ya visiwa mkondo unaweza kuendelea kukimbia ingawa kina kimeshaacha kupanda. Gati lako litazame lenyewe: angalia povu na mwani vinavyopita kwenye nguzo.

Nimefika kwenye chambo, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Mkondo mkali una rehema moja kubwa: unasambaza harufu. Maji yanayopita kwenye chambo yanabeba damu, mafuta na utomvu wake, yanavichora katika ukanda mwembamba kuelekea mbali, na samaki anayeugusa ukanda huo anageuza kichwa na kuupanda. Humfuati samaki, unamwita. Lakini mkondo huo huo unaiosha harufu upesi. Chambo kilichokaa dakika 20 kwenye maji ya kasi mara nyingi kimebaki nyama nyeupe isiyo na ladha. Kinaonekana kizima, lakini kwa samaki hakina mvuto tena. Badilisha. Ni afadhali vipande vidogo vingi vibichi kuliko kipande kimoja kikubwa cha kujivunia.

Kikubwa kina tatizo jingine pia: ni tanga. Kipande kipana cha samaki kinavuta chubwi, kinazunguka, kinausokota mshipi wa ndoana mpaka unajifunga fundo. Ngisi ndiye chambo changu cha kwanza kwenye maji ya kasi, kwa sababu nyama yake ni ngumu, haidonolewi ikaisha, na inakatika vizuri kwa kisu. Mchune, mpasue umlaze bapa, kisha kata ukanda mrefu wa umbo la jani la mwanzi, mpana kama kidole katikati na uliochongoka pande zote mbili. Chomeka ndoana mara moja kwenye ncha moja, kama sentimita moja kutoka mwisho, usirudie kuitoboa. Ukanda unaning'inia mmoja, maji yanapita pembeni yake, mkia unacheza. Ukiutoboa mara mbili tatu unajikunja kuwa kibumba, na kibumba kinazunguka.

Kuna jaribio dogo ambalo silikosi. Kabla ya kurusha, shusha chambo kwenye maji karibu na gati, mkondoni, na ukitazame. Kikipepea kimetulia, rusha. Kikizunguka, kipandishe ukikate upya. Inachukua muda wa pumzi chache na inaokoa saa nzima ya kuvua na mshipi uliosokotana.

Samaki wa mafuta, kama vibua na dagaa wakubwa, wana harufu kuliko ngisi lakini nyama yao ni laini. Acha ngozi, kata vipande vyembamba kufuata urefu wa mwili, na ndoana iingie kwenye ngozi, si kwenye nyama tu. Vikiwa laini bado, vitie chumvi ya mawe usiku mzima. Chumvi inanyonya maji, nyama inakaza, na kipande kinahimili kurushwa. Kamba pia hukazwa hivyo. Na kwa chambo chochote kinacholegea, minyoo ya baharini, kome, kamba mbichi, kuna uzi mwembamba wa mpira unaouzungushia mara kadhaa bila fundo, unajikaza wenyewe. Ukiwa na chembe moja tu ya subira, uzi huo utakufaa kuliko ndoana ghali. Mara nyingi naunganisha: ukanda wa ngisi wa kushika ndoana, na kipande cha kibua kilichofungwa juu yake kwa ajili ya harufu. Kaa mdogo mzima aliyefungwa hivyo anadumu kuliko vyote, na samaki wadogo wadonoaji hawamwezi.

Chambo hai kina sheria yake. Kwenye maji ya kasi mtoboe samaki mdomoni au puani, ili aukabili mkondo na maji yapite kwenye matamvua yake. Ukimtoboa mgongoni mkondo unamgeuza ubavu, anazunguka, na anakufa mapema.

Mshipi wa kushikia ndoana uwe mfupi na mgumu: sentimita 30 hadi 50, nailoni ya milimita 0.60 au zaidi, na suiveli nzuri, kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, juu yake. Watu hupenda kuuweka mrefu ili chambo kionekane huru. Kwenye maji ya kasi urefu huo unajisokota tu. Penye mzia, nguru au papa ongeza kipande kifupi cha waya, kwa sababu meno yao hayana mjadala na nailoni.

Kuhusu ndoana, nimeshahamia kwenye zile za mviringo, ambazo ncha yake imegeukia ndani. Meli za kuvua halibut, samaki bapa mkubwa, katika Pasifiki ya Kaskazini zilizihamia kwa wingi miaka ya 1980, na zilikuwa na sababu: zinanasa vizuri zenyewe. Samaki anachukua chambo na kugeuka aende zake na mkondo, mshipi unakazika, ndoana inateleza mpaka pembe ya mdomo na kushika pale. Usimkwanyue. Ukimkwanyua unaitoa mdomoni. Kaza tu kwa rili. Faida nyingine ni kwamba mara chache sana samaki anaimeza, kwa hiyo mdogo anarudishwa baharini akiwa na uhai wa kweli. Ncha ya ndoana iachwe wazi, isifunikwe na chambo.

Fimbo na rili nitavipita haraka, kwa sababu havibadilishi mambo kama watu wanavyodhani. Gatini uko juu ya maji tayari; fimbo ya mita 3 hadi 3.6 inatosha, iwe na mgongo wenye nguvu na ncha laini ya kusomea. Iinue juu unapoisimamisha ili mshipi mwingi ukae hewani badala ya majini, isipokuwa upepo ukiwa mkali kuliko mkondo. Rili iwe ya kuvuta kwa nguvu, si ya kasi, na breki yake uifunge kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi, au chini kidogo ya hapo.

Kitu ambacho ningekinunua kabla ya fimbo ya pili ni wavu wa kuteremshia, ule wa duara unaoshushwa kwa kamba. Samaki wa kilo kadhaa ukimnyanyua kwa mshipi kutoka majini hadi juu ya gati, uzito wote aliokuwa amebebewa na maji unaangukia kwenye ndoana, na wengi hupotea hapo hapo mbele ya macho. Mwache achoke kwenye maji yaliyo wazi, mbali na nguzo. Mwenzako ashushe wavu kwenye upande ule ule maji yanakotokea, auzamishe, na wewe umwongoze samaki juu yake kisha ulegeze kidogo ili mkondo umrudishe ndani ya wavu. Kamba ivutwe wima, taratibu, bila kuugonga wavu kwenye nguzo.